UZI: Kabla hujamchoma ng'ombe wako "sindano ya maziwa", tuongee kuhusu homoni ya ukuaji na uzazi

TabibuWaZizi (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Nazunguka na pikipiki kwenye mazizi ya Arumeru mwaka wa 12 sasa. Mwezi huu watu wanne wameniuliza swali moja: "Daktari, ile sindano ya homoni ya kuongeza maziwa inapatikana wapi?" Wa nne ndiye aliyenifanya nikae chini niandike, maana yeye alikuwa ameshauziwa. Ni mama wa makamo, ana ng'ombe wawili wa ndani. Alinitolea kichupa kwenye mfuko wa rambo, kina maandishi ambayo mimi na yeye wote hatuwezi kuyasoma, hakuna jina la dawa wala tarehe ya kuisha. Muuzaji alipita na begi mgongoni, akachukua hela, akaondoka. Mama alishachoma mara mbili.

Ng'ombe mwenyewe alizaa miezi mitano iliyopita. Alianza na lita 18 kwa siku, siku naenda alikuwa kwenye 11, na tangu azae hajawahi kuonekana kwenye joto, yaani kutaka dume. Nikasimama nyuma yake nikamtazama. Mifupa ya nyonga imetokeza kama vigingi vya hema, bonde la pembeni ya mkia limezama kiasi kwamba ngumi inaingia, manyoya yamefifia. Nikavaa glavu ndefu nikapima. Ovari zote mbili ndogo, laini, hakuna kifuko cha yai kinachokua, hakuna kovu la yai lililotoka. Zimelala. Mama akaniuliza kama ile sindano ndiyo imemfunga uzazi. Nilimjibu kwamba kilichomo kwenye kichupa sikijui, lakini ninachokijua ni kwamba hata kama ingekuwa homoni halisi ya ukuaji, kutoka kiwanda kinachoaminika, kwa ng'ombe yule ingekuwa kosa. Naomba nieleze kwa nini.

Homoni ya ukuaji, kitaalamu somatotropini, inatengenezwa na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Kwa ndama inajenga mifupa na nyama, ndipo ilipopata jina. Kwa ng'ombe aliyezaa kazi yake inabadilika: inakuwa mpakuaji. Chungu ni kimoja, wanaosubiri sahani ni wengi: kiwele, nyama, mafuta ya akiba, ovari, mji wa mimba. Homoni hii ndiyo inayoshika upawa, na wiki za kwanza baada ya kuzaa inampakulia kiwele kwanza. Wengine watakula kikibaki.

Inafanyaje? Nyama na mafuta huchota sukari ya damu kwa amri ya insulini. Homoni ya ukuaji inazifanya ziisikie insulini kwa shida, sukari isiishie huko, ibaki kwa ajili ya kiwele. Inalihimiza ini litengeneze sukari zaidi. Na chakula cha siku kisipotosha, inafungua ghala la mafuta mwilini na kuyamimina kwenye damu yatumike kama kuni. Lita 1 ya maziwa inahitaji kama gramu 72 za glukosi, kwa hiyo ng'ombe wa lita 20 anahitaji karibu kilo 1.4 za sukari kila siku kwa maziwa peke yake. Na ng'ombe hapati sukari moja kwa moja kutoka kwenye chakula kama sisi. Vijidudu vya tumboni vinaichachusha karibu yote, ini ndilo linaloijenga upya. Hapo ndipo unaona mzigo ambao ini la mnyama huyu linaubeba. Mafuta yakija mengi kuliko uwezo wake, mengine yanaganda ndani ya ini lenyewe, mengine yanageuka ketoni. Wale mnaosikia harufu kama ya matunda yaliyoiva sana kwenye pumzi ya ng'ombe aliyezaa karibuni na amesusa pumba, ni hiyo.

Sasa uzazi. Homoni ya ukuaji ikifika kwenye ini, ini linajibu kwa kutoa homoni ya pili, IGF-1. Hii ndiyo inayosaidia kifuko cha yai kukua na kutoa estrojeni ya kutosha mpaka ng'ombe aonyeshe joto. Ng'ombe akiwa na upungufu wa chakula, insulini yake inashuka, na insulini ikishuka vipokezi vya homoni ya ukuaji kwenye ini vinapungua. Homoni imejaa damuni, inabisha hodi, ini halifungui. Unapata homoni ya ukuaji iko juu, IGF-1 iko chini. Mafuta yanazidi kuyeyuka, maziwa yanazidi kutoka, na ovari haipati chochote. Ubongo nao ukihisi njaa hiyo unapunguza mapigo ya homoni ya LH, ambayo ndiyo inayolipasua yai litoke.

Kila ng'ombe wa maziwa hupita hapo baada ya kuzaa, si ugonjwa. Tatizo ni akikwama humo. Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani walichapisha mwaka 1989 takwimu ambazo mimi nimeziandika nyuma ya daftari langu la kazi. Hali ya mwili hupimwa kwa alama 1 (amekonda sana) hadi 5 (amenenepa sana). Ng'ombe waliopoteza chini ya nusu alama baada ya kuzaa, 65% walishika mimba kwenye kupandishwa kwa mara ya kwanza. Waliopoteza kati ya nusu na alama moja, 53%. Waliopoteza zaidi ya alama moja, 17% tu. Makundi yalikuwa madogo, lakini ukiniuliza kama ndivyo ninavyoona huku mazizini, ndivyo hasa.

Yule wa mama alikuwa amepoteza zaidi ya alama moja. Kumchoma homoni zaidi ni kumpa mpakuaji upawa mkubwa wakati chungu kimeshakauka.

Karibuni maswali.

KijanaTengeru

Shikamoo Daktari. Uzi mzuri sana. Ila nina swali: mbona Marekani wanatumia na wana maziwa kuliko sisi wote? Kama ingekuwa inafunga uzazi si wangekuwa wameishiwa ng'ombe?

TabibuWaZizi

Marahaba kijana. Swali la msingi.

Jambo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1937 watafiti wa Kisovieti waliwachoma ng'ombe juisi iliyokamuliwa kwenye tezi za ng'ombe waliochinjwa, maziwa yakaongezeka. Waingereza wakalifikiria wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa sababu ya uhaba wa chakula, wakakwama: tezi zinazohitajika ni nyingi mno. Likalala mpaka teknolojia ya vinasaba ilipowezesha bakteria kuitengeneza homoni hiyo kiwandani. Monsanto waliruhusiwa na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani Novemba 1993 kuiuza kwa jina la Posilac, ikaingia sokoni Februari 1994. Ongezeko la maziwa ni kama 10 hadi 15%, kwa ng'ombe anayekula vizuri. Hapo pa "anayekula vizuri" usipaharakishe.

Kuhusu uzazi, watafiti wa Kanada walikusanya majaribio mengi wakayachambua pamoja, wakachapisha 2003. Kwa ng'ombe waliochomwa, hatari ya ugonjwa wa kiwele ilipanda kwa kama 25%, hatari ya kutoshika mimba kwa kama 40%, hatari ya kuchechemea kwa kama 55%, na hali ya mwili ilishuka. Kanada ilikuwa imeshaikataa tangu Januari 1999 kwa sababu ya afya ya ng'ombe, si kwa sababu ya sumu kwenye maziwa. Umoja wa Ulaya nao wakaifungia moja kwa moja kuanzia 2000.

Marekani hawakuishiwa ng'ombe kwa sababu anayeshindwa kushika mimba anaenda machinjioni, na kuna mtamba nyuma yake anasubiri nafasi. Mama mwenye ng'ombe wawili hana mtamba anayesubiri. Ng'ombe akikosa mimba mwaka mzima, hakuna ndama na hakuna maziwa ya mwaka unaofuata. Ndiyo tofauti ninayoitaka ionekane.

MbaliNaNyumbani

Nipo Wisconsin, huku Marekani, mwaka wa tisa, nimefanya kazi kwenye shamba la maziwa lenye ng'ombe zaidi ya mia nne. Hayo ya Daktari nimeyashika kwa mikono yangu. Ile dawa inakuja kwenye bomba la sindano tayari, miligramu 500, dozi moja ng'ombe mmoja. Ni nzito kwa sababu imechanganywa na mafuta ya ufuta ili iyeyuke polepole mwilini. Wakati wa baridi tulikuwa tunaliweka bomba kwapani kwanza lipate joto, la sivyo unasukuma mpaka kidole gumba kinauma. Inachomwa chini ya ngozi, kwenye lile bonde la pembeni ya mkia au nyuma ya bega, kila baada ya siku 14, na unabadilisha upande.

Na hakuna aliyekuwa anachoma ng'ombe aliyezaa juzi. Walianza kama wiki ya tisa hivi. Na kabla ya kumchoma, msimamizi alipita na karatasi anampa kila ng'ombe alama za unene. Mwembamba anarukwa. Lishe yao ilipigiwa hesabu na mtaalamu kila mwezi, mahindi ya kusindika, soya, mbegu za pamba, madini, maji yasiyokatika. Baadaye shamba likaacha, wanunuzi wa maziwa walikataa. Maduka makubwa ya Walmart tangu 2008 maziwa ya nembo yao hawataki yenye hiyo homoni.

TabibuWaZizi

Asante sana ndugu yangu, umeeleza kwa ufasaha kuliko vitabu. Wakuu, someni tena hapo aliposema mwembamba anarukwa. Mwenye dawa halisi, mtaalamu wa lishe na ng'ombe mia nne, mwembamba anamruka. Sisi tunaletewa kichupa tumchome mwembamba ndiyo anenepe.

Mkulima_Kiambu

Daktari salamu kutoka Kiambu. Nimesoma mahali kwamba hiyo homoni ikidungwa dozi ndogo wakati wa kumpandisha ng'ombe inaongeza nafasi ya kushika mimba. Sasa mbona wewe unasema inaharibu uzazi? Ni gani ndiyo gani?

TabibuWaZizi

Umesoma sawasawa, na ni vizuri umeileta, maana sitaki watu watoke hapa wakiamini homoni hii ni adui wa uzazi. Yai na kiinitete vinaihitaji. Majaribio ya Chuo Kikuu cha Florida yalionyesha kwamba ng'ombe wa maziwa akipewa siku za kuhimilishwa (kupewa mbegu bila dume), kwenye ratiba ya kupanga joto, mimba huongezeka: IGF-1 inapanda na kiinitete kinapata nguvu siku zake za kwanza. Lakini walipojaribu kwa ng'ombe wasiokamuliwa, ambao IGF-1 yao ilikuwa tayari juu, haikusaidia, ilirudisha nyuma. Kwa hiyo kuna kiwango. Chini yake yai halikui vizuri, juu yake mambo yanavurugika.

Na ratiba ya kupanga joto inafanya kazi kwa kuwa homoni nyingine zimeshaiondoa kazi ya kuonyesha joto mikononi mwa ng'ombe. Kwenye ufugaji wetu tunategemea jicho: umeona anapanda wenzake, ute unaning'inia, unapiga simu. Homoni nyingi ya ukuaji inapunguza hizo dalili. Maziwa mengi yanapitisha damu nyingi kwenye ini, ini linaichuja estrojeni haraka, joto linakuwa fupi na la kimya. Mnaokamua lita 25 na zaidi mnalijua hili hata bila sindano: ng'ombe anaingia kwenye joto saa nane usiku, asubuhi ameshatoka, unasema hana uzazi.

KukuChotara

Hapa naomba na sisi wa kuku tusikilizwe. Wateja wangu kila siku wananiambia kuku wa kisasa wana homoni, ndiyo maana wanakuwa wakubwa wiki sita, na ndiyo maana wasichana wanavunja ungo mapema. Kuna jirani anasemekana anawawekea vidonge vya uzazi wa mpango kwenye maji. Ukweli ni upi?

TabibuWaZizi

Nitajibu kwa urefu, kwa sababu kuku wa nyama ndiyo mfano mzuri kuliko wote.

Kwanza homoni ya ukuaji. Ni protini. Ukiiweka kwenye maji au pumba, tumbo linaimeng'enya kama linavyomeng'enya dagaa. Lazima ichomwe. Nani atachoma vifaranga 2,000 kila siku? Na hata ukiwachoma, kuku wa nyama waliojaribiwa hawakukua zaidi kwa maana yoyote, kwa sababu mwili wa kuku unaisikiliza homoni hiyo ikija kwa mapigo, si ikija kama mafuriko.

Ukubwa unatoka kwenye mbegu. Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walifuga pamoja kuku wa kizazi kilichotunzwa tangu 1957, wa 1978 na wa 2005, chakula kilekile, banda lilelile. Siku ya 56 wa 1957 alikuwa na gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, wa 2005 gramu 4,202. Hakuna aliyechomwa kitu. Ni kuchagua wazazi tu, miaka nenda miaka rudi.

Ila angalia ilichofanya kwenye uzazi. Wazazi wa hao kuku, wale majike wanaotaga mayai ya vifaranga, wakiachiwa chakula mpaka washibe, ovari zao zinakuza viini vingi kwa pamoja. Anataga mayai ya viini viwili, mayai yasiyo na ganda, mengine yanaangukia tumboni anakufa. Ndiyo maana wafugaji wa kuku wazazi wanawapimia chakula kwa gramu maisha yao yote, na kuku anashinda na njaa. Mwili uliofundishwa kukua haujui kutaga kwa mpangilio. Kuna kuku wafupi wa kuzaliwa, kipokezi cha homoni ya ukuaji kwao kina kasoro, homoni ipo lakini mwili hauisikii. Majike wafupi wa namna hiyo wenye damu ya kuku wa nyama hula kidogo na mayai yao ni ya kawaida zaidi, na kampuni za vifaranga zimewatumia kama mama.

Vidonge vya uzazi wa mpango: ya jirani yako siyajui, siwezi kumsema. Naijua historia. Marekani kuanzia 1947 waliruhusu kupachika punje za estrojeni ya kutengenezwa, iitwayo DES, chini ya ngozi ya shingo ya jogoo ili anenepe na kulainika kama aliyehasiwa. Vichwa na shingo vilivyobaki vikapelekwa kulisha minki, wanyama wadogo wanaofugwa kwa ajili ya manyoya. Minki wakaacha kuzaa. Kwenye kuku ilifungwa 1959, kwenye ng'ombe ikaendelea hadi 1979. Kwa hiyo anayechezea estrojeni kwenye chakula cha mifugo ajue inasafiri na nyama mpaka kwa anayeila. Kama kuna mtu anafanya hivyo, atolewe taarifa, si wa kufichwa.

Ya wasichana kuvunja ungo sina ushahidi wa kuyaunganisha na kuku, na sitayasema.

Mnenepeshaji_Shy

Sisi wa Kanda ya Ziwa tunanenepesha maksai miezi mitatu kwa mashudu ya pamba. Kuna mtu aliyetoka Afrika Kusini anasema huko wanaweka kitu sikioni ng'ombe ananenepa haraka. Ni hiyohiyo?

TabibuWaZizi

Hapana, ila ni ndugu. Zile ni punje za homoni za jinsia: estrojeni, testosteroni, projesteroni, au za kutengenezwa kama trenboloni na zeranoli. Zinawekwa chini ya ngozi nyuma ya sikio kwa sababu sikio hutupwa machinjioni. Estrojeni hiyo inaichochea tezi ya ubongoni itoe homoni ya ukuaji zaidi, IGF-1 inapanda, nyama inaongezeka. Mlango mwingine, chumba kilekile. Ulaya haipokei nyama ya ng'ombe wa namna hiyo tangu 1989, Marekani na Kanada waliwapeleka kwenye Shirika la Biashara la Dunia wakashinda 1998, na Ulaya bado hawakulegeza.

Kwa maksai wa kuchinja uzazi hauna hasara, ameshahasiwa. Kosa ni kumwekea ndama dume unayetaka awe mbegu, korodani zinadumaa. Au mtamba wa kuzalisha, hasa akiwekewa akiwa mdogo sana au mara kwa mara, mfumo wa uzazi haukomai sawasawa. Na mashudu yako ya pamba yanatosha bwana, ila usimlishe dume la mbegu kwa wingi: yana gosipoli, nayo inaharibu manii.

NguruweMtaji

Daktari nisaidie, niko Mbeya. Nina majike sita ya nguruwe, miezi mitatu na nusu. Wanne kati yao uke umevimba, mwekundu, kama wako kwenye joto, lakini dume hawamtaki. Mmoja njia ya haja kubwa imetoka nje. Nilidhani nimeuziwa chakula kilichowekwa homoni.

TabibuWaZizi

Unawalisha mahindi? Yametoka wapi?

NguruweMtaji

Ndiyo. Nilinunua gunia nane za mahindi yaliyonyeshewa, bei ya chini. Mengine yana ukungu wa rangi ya waridi. Nilidhani kwa nguruwe hayana shida.

TabibuWaZizi

Acha kuyalisha leo hii. Usiyachanganye na mazuri, usiyapunguze, yaondoe kabisa.

Ukungu huo wa waridi unaitwa fusari. Unatengeneza sumu iitwayo zearalenoni, na sumu hiyo mwilini mwa mnyama inafanya kazi kama estrojeni. Nguruwe ndiye anayeumizwa nayo kuliko mifugo yote. Majike wadogo uke unavimba kabla ya umri, njia ya haja kubwa au uke vinatoka nje, wakubwa wanakaa kama wana mimba na hawana, mimba zinaharibika. Ile zeranoli niliyomtajia mwenzetu wa Shinyanga hutengenezwa kutokana na kitu hichohicho cha ukungu. Kwa hiyo ulikuwa unawapa homoni kweli, ila hakuna muuzaji aliyeiweka.

Wengi wakipata mahindi safi uvimbe hupungua ndani ya wiki chache. Aliyetokwa na njia ya haja kubwa anahitaji daktari wa karibu arudishe na kushona leo, sehemu iwe safi na yenye unyevu, mtenge na wenzake wasimng'ate. Wasipandishwe kwanza.

Na kwa kuwa tuko kwenye nguruwe, niseme hili. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani walitengeneza nguruwe waliobeba kinasaba cha homoni ya ukuaji ya binadamu, wakafugwa kituo cha utafiti cha Beltsville, Maryland. Homoni ilitoka mfululizo, usiku na mchana, bila kizuizi. Mafuta ya mgongoni yalipungua sana, nyama ikawa nyekundu safi. Lakini viungo viliwavimba, walipata vidonda vya tumbo, walikuwa wanyonge. Majike hawakuingia kwenye joto na madume hawakuwa na hamu ya kupanda. Nikiwaza nguruwe wale huwa nawahurumia. Kila kilichokuwa chunguni kilikwenda kwenye nyama.

MamaNdama

Daktari, mimi sina elimu ya hayo yote, nina ng'ombe mmoja, amezaa miezi miwili na nusu, lita 14, amekonda. Joto sijaliona. Maziwa yake yananunua unga wa watoto. Nifanye nini kesho asubuhi?

TabibuWaZizi

Mama, pole na hongera, lita 14 ni kazi nzuri. Kwanza niambie unamlisha nini, kwa siku nzima, usiniache hata kimoja.

MamaNdama

Asubuhi mashina ya migomba niliyokatakata, na majani yake. Mchana nyasi za barabarani. Wakati wa kukamua pumba ya mahindi sado moja asubuhi, moja jioni. Maji ndoo mbili.

TabibuWaZizi

Asante mama. Shina la mgomba karibu lote ni maji. Linajaza tumbo, ng'ombe anaonekana ameshiba, anacheua, lakini ini lake halipati cha kutengenezea sukari. Na ndoo mbili za maji ni kidogo, ng'ombe wa lita 14 anataka zaidi ya hapo, mwachie maji mbele yake muda wote, usiku pia.

Kesho asubuhi: mashina ya migomba yawe ya kuongezea tu. Tafuta mabingobingo, yakatwe yakiwa usawa wa kiuno au kidogo zaidi, yasifike juu ya kichwa, yaliyokomaa ni kuni. Yaanike nusu siku, yakatekate. Kwenye pumba ongeza mashudu ya alizeti, pumba tatu kwa mashudu moja, na usiongeze kwa siku moja, panda taratibu ndani ya wiki mbili tumbo lizoee. Kijiko cha madini ya ng'ombe wa maziwa kila siku, si chumvi ya jikoni peke yake. Na kama hela ya mashudu haipo mwezi huu, kamua mara moja kwa siku kwa wiki tatu. Najua ni maumivu ya mfukoni, lita zitashuka, lakini upungufu mwilini utapungua na ovari itaanza kupata sehemu yake.

Mtazame mara tatu kwa siku, dakika 20 kila mara: alfajiri kabla ya kukamua, mchana, na usiku kabla ya kulala. Akiwa peke yake zizini hana wa kumpanda, kwa hiyo tazama ute angavu unaovutika kama ute wa yai bichi, kulia bila sababu, kuacha chakula, maziwa kushuka ghafla siku moja. Ukiona alfajiri, mhimilishaji aje jioni. Ukiona jioni, aje kesho yake asubuhi.

Halafu kuna kitu nataka unitumie: picha mbili. Moja ukiwa umesimama nyuma yake, mkia umesogezwa pembeni, nyonga zote mbili zionekane. Nyingine ya ubavu. Tarehe ya leo iandike. Wiki tatu zijazo piga tena, palepale uliposimama, tuzilinganishe.

MamaNdama

Picha nitapiga kijana akirudi shule, simu yangu haina kamera nzuri. Mabingobingo yapo kwa shemeji, kuvuka mto. Yamefika kifuani, yanafaa?

TabibuWaZizi

Yanafaa mama. Kata yaliyo mafupi kwanza.